Gereji ya Nyakato inayokupimia moshi kabla hujaenda ukaguzi

Nina hii Noah mwaka wa tano sasa na nimepita gereji nyingi za Mwanza, Mabatini, Igoma, mpaka Mkolani huko, leo nataka niielezee hii moja ya Nyakato kwa kirefu maana kuna watu wameniuliza nilifanyaje gari ikapita ukaguzi wa moshi na jibu lake haliishi kwenye meseji moja.

Kazi yangu ni samaki. Alfajiri nachukua sangara na sato Mwaloni Kirumba, napakia kwenye makasha ya barafu, navuka daraja la Kigongo–Busisi naenda upande wa Geita ambako kuna jiko kubwa linalisha wafanyakazi, hao ndio wateja wangu wa mkataba. Mwaka huu wakaja na utaratibu mpya, kila gari linaloingia getini kwao lije na fomu ya ukaguzi, na kwenye hiyo fomu mbali na vitu tulivyozoea kwa trafiki, yaani breki, hendibreki, taa, honi, wipa, mikanda, mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu, kuna mstari umeandikwa moshi, CO isizidi 0.5 kwa mia. Mi sikuwahi kukutana na kitu hicho. Trafiki wakati wa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama anaangalia kwa macho, gari ikifuka anakwambia kafanye sevisi urudi. Hawa wanaingiza kabomba kwenye ekzosi wanasoma namba, na namba haibembelezwi.

Na Noah yangu ilikuwa inafuka kweli. Ni ile new model yenye injini ya D4, wenye nazo wanajua. Nikipanda mlima wa Bugando na mzigo nikiangalia kioo cha pembeni naona wingu jeusi nyuma yangu, na kuna wauguzi na wagonjwa wanatembea kwa miguu hapo hapo pembeni ya barabara, iliniuma sana. Ukiacha weusi, kulikuwa na harufu ya petroli mbichi ile ya kuwasha macho, mwanangu akikaa siti ya nyuma mpaka tufike shule keshakohoa.

Chanzo nakijua, au niseme nusu ya chanzo. Mwaka juzi nilipeleka gari gereji moja hapa mjini, siitaji, gari ilikuwa nzito kupanda. Fundi akaangalia kidogo akasema masega ya ekzosi, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi, yameziba, tuyatoe gari ipumue. Nikakubali maana kila mtu anasema hivyo, akatoa, akachomelea bomba, akanichaji elfu arobaini na masega akabaki nayo. Wiki mbili gari ikawa kweli nyepesi, afu ikarudi kule kule na sasa na moshi juu. Baadaye ndo nikaja kujua ndani ya masega kuna platini, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya, na kuna watu wanazunguka wanayanunua. Yaani nililipa nitolewe kitu cha thamani kuliko hela niliyolipa. Ukiambiwa tutoe masega uliza kwanza yanaenda wapi.

Sasa tuje kwenye gereji yenyewe. Ukitokea Buzuruga unaingia ndani kidogo, kibao kimefifia jina halisomeki, geti la bluu, wote pale wanasema kwa mzee. Ni mzee wa Kisukuma wa makamo na vijana wanne. Nimefika saa mbili na nusu asubuhi nikakuta gari tatu mbele yangu. Nikamwambia nataka nipite ukaguzi wa moshi, nikategemea ataita kijana afungue boneti kama kawaida. Hakufungua kitu. Akaniambia mayu, yaani mama, kabla sijashika spana nataka kusikia, akaanza kuuliza, oili umebadilisha lini, kwa kilomita ngapi, mafuta unaweka kituo gani, asubuhi ikiwaka inatetemeka, moshi unaanza ikiwa ya baridi au mpaka ipande mlima, ni mweusi au wa bluu, maji ya rejeta yanapungua? Rangi ya moshi ni lugha, ndivyo alivyosema, mweusi ni petroli imezidi hewa, bluu ni oili inaungua kwa hiyo waza ringi au vavu sili, mweupe usiokatika hata gari ikishapata moto waza kulanti inaingia kwenye silinda. Wangu mweusi, akasema shukuru, huo ndio wa bei nafuu.

Kuna kitu kimoja niliona pale ambacho sijakiona gereji nyingine yoyote na kinamhusu kila mwanamke anayeendesha. Nilikuwa nimeenda na mdogo wangu wa kiume, hajui hata kufungua boneti. Kila gereji niliyowahi kwenda naye fundi anamwelezea yeye, mimi nasimama pembeni kama mzigo, nikiuliza swali jibu linapelekwa kwake. Huyu mzee alimsalimia vizuri tu afu akageuka akaniuliza gari ya nani, nikasema yangu, basi kuanzia hapo mpaka siku ya mwisho aliongea na mimi. Kila kipuri kilichotoka nilionyeshwa, na vya zamani vyote nilipewa kwenye boksi niondoke navyo bila kuomba. Peke yake hiyo ingetosha mimi kurudi.

Tukaja kwenye kupima. Anayo mashine ya kupimia moshi, ya zamani lakini inafanya kazi, na kabla ya kuchomeka aliacha gari ikiunguruma mpaka feni ya rejeta ikajiwasha yenyewe, kama robo saa hivi. Mi nikaona anapoteza muda na petroli yangu. Akanieleza kwamba injini ikiwa ya baridi kompyuta inamwaga petroli nyingi makusudi ili isizime, na masega nayo hayaanzi kazi mpaka yapate moto wa nyuzi kama 300, kwa hiyo hata gari nzima ukiipima ya baridi itafeli. Hapa nisisitize kwa wale mnaojiandaa, siku ya ukaguzi msiwahi kufika afu mkazima gari mkakaa kwenye foleni saa nzima, piga mzunguko kwanza, ingia ikiwa ya moto.

Namba zikatoka CO 2.8, na ile HC nyingine 640. Akazielezea hivi. Petroli ili iungue yote inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli. Hewa ikipungua petroli inaungua nusunusu, hiyo ndiyo CO, hewa ya sumu ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. HC ni petroli ambayo haikuungua kabisa imetoka kama ilivyoingia, na hiyo mara nyingi ni plagi inakosa kuchoma. Kwangu zote mbili ziko juu, maana yake ugonjwa si mmoja. Akapiga ekzosi kwa nyundo ya mpira pale masega yalipokuwa, ikalia kama debe tupu, akaniangalia tu hakusema kitu. Mashine ya dayagnosisi ikaleta kodi, yaani namba ya kosa, P0420, ambayo ndiyo hiyo hiyo, masega hayafanyi kazi, na ni kweli hayafanyi maana hayapo.

Nikamwambia basi tafuta masega funga nikapime. Akakataa. Na hapa ndipo nilipomwamini, maana angeweza kula hela yangu siku ile ile. Alisema plagi moja haichomi vizuri, petroli mbichi inashuka kwenye ekzosi, ukifunga masega leo ile petroli itaenda kuungulia humo ndani na joto lake litayayeyusha, mwezi mmoja yameziba utarudi kunilaumu. Kwanza tutibu injini, tupime, masega mwisho. Nimekuja kufikiri baadaye kwamba hata masega yangu ya mwanzo huenda yaliziba kwa sababu hiyo hiyo na yule fundi wa mjini hakuuliza kwa nini yameziba, alitoa tu.

Siku ya kwanza wakafanya sevisi ya kawaida, ambayo nilidhani nimekuwa nikiifanya. Eya klina ilitoka nyekundu kwa vumbi la njia ya Kayenze ninakofuata mzigo siku ambazo Mwaloni ni haba, gari ikikosa hewa hapo petroli inazidi, umeshapata moshi mweusi tayari kabla hujafika kwenye injini. Oili ilikuwa na kilomita elfu saba na kidogo, akaniwekea tone kwenye kidole ninuse, inanuka petroli. Sikujua kama petroli inayovuja kushuka kwenye oili inapanda tena kama mvuke kupitia kavavu ka juu kanakorudisha hewa ya injini ndani, ikaenda kuungua, na inapandisha vipimo. Kwa hiyo oili mpya kabla ya ukaguzi ina maana yake. Sasa nabadilisha kila elfu tano, naandika kwa kalamu kwenye kikaratasi nabandika mlangoni.

Plagi nne, tatu zimechoka kawaida, ya nne nyeusi tii imelowa, na koili yake, ile inayoipa umeme wa kuchoma, ikawa na mpasuko mdogo. Alinipigia simu kabla ya kununua koili, akanipa bei mbili, mpya na mtumba, nikachagua mtumba.

Siku ya pili wakafungua njia ya hewa, na hapa wenzangu wa D4 mnisikilize. Kwenye injini za kawaida petroli inanyunyiziwa kabla ya vavu kwa hiyo inaziosha, kwenye D4 inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, vavu za kuingiza hewa haziguswi na petroli hata siku moja, ule mvuke wa oili na moshi unaorudishwa na EGR, kifaa kinachorudisha moshi kidogo wa ekzosi ndani ya injini, unaganda hapo mwaka hadi mwaka. Nilioneshwa kwa tochi, ni kama masizi ya chungu cha kuni, lakini magumu, kijana alikwangua na kuloweka dawa tangu saa nne mpaka saa tisa. Vavu ya EGR yenyewe ilikuwa imeganda ikiwa wazi. Mzee akaniuliza kama nilikuwa navuka kwa kivuko, nikamwambia miaka yote kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025 nimekaa foleni ya Kigongo na gari inaunguruma, siwezi kuzima. Akasema uzito mwingi wa huo uchafu umeupatia pale, injini kuunguruma muda mrefu bila kutembea ndiko kunakojaza kaboni. Daraja lile la kilomita 3 nilikuwa nalishukuru kwa ajili ya barafu yangu kutoyeyuka, kumbe na injini nayo.

Wakapima tena bila masega, CO 0.9, HC 210. Moshi wa macho ulikuwa umeisha, gari imetulia hata ukiweka glasi ya maji juu ya injini. Ila 0.9 siyo 0.5.

Masega yalichukua siku nne kupatikana, ya mtumba pamoja na kipande chake cha bomba, akayamulika tochi upande mmoja nikaangalia mwanga upande wa pili, vitundu vyote viko wazi havijavunjika. Laki mbili na elfu themanini. Ndiyo bei kubwa kuliko zote na iliniuma, hasa nikikumbuka ya kwangu yalivyoondoka bure. Niliuliza kama yatadumu na mafuta ya kwetu, akasema adui mkubwa wa masega alikuwa ni risasi kwenye petroli na hiyo huku kwetu iliondoka tangu mwanzoni mwa 2006, kilichobaki ni wewe kutochelewa oili na plagi. Akafuta ile kodi kwenye kompyuta afu akanikatalia kwenda kukaguliwa kesho yake, akasema ukishafuta kodi kompyuta inaanza kujifunza upya, itembeze siku tatu, mjini na barabara ndefu, kama ugonjwa upo taa itarudi yenyewe, bora irudie kwako kuliko kwa mkaguzi. Nikaenda Magu na kurudi, nikapeleka mzigo Nyegezi, nikapanda Bugando makusudi. Taa haikurudi. Nikarudi kwa mzee, CO 0.2, HC 90. Nilimpigia mama yangu simu kumwambia namba ambazo hata hazijui, furaha tu.

Kasoro nazo zipo na nitazisema maana nimelipa hela yangu.

Kubwa kuliko zote ni kwamba wanajua injini ila sehemu nyingine za gari wanapitisha haraka. Nilimpa nakala ya fomu nzima, na kwenye ukaguzi moshi ulipita bila neno, breki zikapita, afu mkaguzi akainama kwenye tairi za nyuma akasoma namba, 1116. Zile tarakimu nne za mwisho pembeni ya tairi ni wiki na mwaka ilipotengenezwa, yaani wiki ya 11 ya 2016. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado nzuri lakini mpira umezeeka una mipasuko midogo, akanikatalia. Na taa ndogo ya kumulika namba ya gari ilikuwa haiwaki. Nikarudi mjini nikanunua tairi mbili, siku moja ya biashara ikapotea na samaki niliwauza bei ya kutupa jioni ile. Nilimwambia mzee, hakubisha, alikubali ni kosa lake na taa ile aliniwekea bure, lakini tairi nilishahangaika mwenyewe. Kwa hiyo ukienda kwake zunguka gari yako na fomu mkononi, soma namba za tairi zote nne na ya spea.

Makisio yanapanda. Alianza na laki sita na nusu, mwisho nimelipa 724,000. Kilichoongezeka ni ile koili na kuchomelea ekzosi, kila mara alinipigia simu kabla, kwa hiyo siwezi kusema kaniibia, ila nenda na akiba. Kupima moshi na dayagnosisi pamoja ni 30,000, na anakupimia bure ukirudi kwa kazi ile ile, mimi kanipima mara tatu. Kusafisha ule uchafu wa D4 laki moja, na kwa kazi niliyoiona kijana akiifanya sioni kama ni ghali. Risiti anaandika kwa mkono, kwa wenye kampuni wanaohitaji risiti ya mashine ulizeni kabla.

Halafu hakuna pa kukaa. Kuna benchi moja chini ya mwembe na likipigwa jua la saa saba hakuna kivuli, na choo ni cha kuomba nyumba ya jirani, kwa mwanamke anayesubiri saa sita hilo ni tatizo la kweli na nilimwambia. Na gari mbili zikishaingia mbele yako usitegemee kutoka siku hiyo, hana haraka hata kidogo, kuna dereva wa bodaboda ya matairi matatu aliondoka kwa hasira nikiwa pale.

Pamoja na hayo yote kwangu ni nne kati ya tano. Mafuta nimepima mwenyewe, tenki mpaka tenki, zamani lita moja kilomita 7 na nusu, sasa inagusa 9 na nusu na mzigo ule ule, kwa safari zangu tatu za Geita kwa wiki ile hela ya masega inarudi taratibu. Mwanangu hakohoi tena.

Mkitaka kwenda, Jumanne na Jumatano kuna nafasi, Jumatatu na Ijumaa kumejaa magari ya abiria. Fikeni kabla ya saa mbili, gari ikiwa na mafuta angalau robo tenki maana ataiwasha muda mrefu, na msiioshe injini kwa maji ya presha kabla ya kwenda, alinikanya hilo, maji yakiingia kwenye koili mnapeleka ugonjwa mpya. Wenye dizeli sijui niwaambie nini kuhusu pale kwa sababu ile mashine yake ni ya petroli, Hilux mbili za dizeli niliona anazirudisha getini.